Mfuko wa Ishirini na Tatu

Mifuko ilipangwa mezani kama madaftari ya mwalimu, ishirini na miwili, kila mmoja na jina lake. Mtoto akisikia jina lake alikimbia, akapokea, akasema asante, akarudi kwa mzazi wake. Sherehe ilikuwa imefika mwisho. Kule nyuma kwenye nyasi, vijana walioleta kasri la upepo la kurukia walikuwa wakilikanyaga ili litoe hewa lilale.

Wafula akaitwa, akachukua wake. Mdogo wake akaenda kusimama pale pale kaka yake alipokuwa amesimama, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama nilivyomfundisha kupokea kitu kwa mkubwa.

Ana miaka minne. Alisubiri.

Jina lililofuata likasomwa, halikuwa lake. Likasomwa jingine. Watoto wakawa wanampita kushoto na kulia, naye mikono iko mbele bado. Mama wa mwenye sherehe akamwona, kisha akaniona mimi nikimwona. Aliingia ndani haraka, akatoka na mfuko wa kaki wa dukani: pipi chache, juisi ya pakiti, na kipande cha keki kilichofungwa kwa tishu. "Na huyu naye ana wake," akasema, kwa upole wa kweli. Mwanangu akapokea, akashukuru, akaja kwangu mbio.

Mfuko wake haukuwa na jina.

Yeye alisahau kabla hatujapata tuktuk. Mimi hii ni wiki ya tisa.

## Kadi ilisema

Ukweli ni kwamba kadi ilisema. Ilikuja kwa simu, picha nzuri ya rangi ya waridi na dhahabu, na chini kabisa jina la aliyealikwa: Wafula. Haikusema Wafula na mdogo wake. Niliisoma mara mbili na bado sikuuona mpaka huo, kwa sababu kule nilikolelewa, nje kidogo ya Webuye, haalikwi mtoto mmoja kutoka nyumba yenye watoto wawili. Anaalikwa mtu, inakuja nyumba. Kumwacha wa miaka minne analia mlangoni huku kaka yake anakwenda kula keki, hilo kwetu lingetafutiwa sababu, na sababu yenyewe ingekuwa homa.

Siku za kwanza nilimkasirikia yule mama. Zilizofuata nikajikasirikia mwenyewe.

Baadaye nikaanza kumwelewa. Yule mama analipa kwa kichwa. Mpishi anahesabu vichwa, anayewachora watoto nyuso anahesabu vichwa, hata keki inaagizwa kwa kilo kulingana na vichwa. Na yale majina kwenye mifuko yaliandikwa kwa mkono. La Wafula lilikuwa la wino wa kijani, na nyota ndogo pembeni. Mtu alikaa usiku akiandika majina ishirini na mawili ya watoto wa watu wengine, na kila jina alilipatia herufi zake sawasawa. Siwezi kuita hilo majivuno. Ni upendo, ila ni upendo wenye orodha.

Na orodha ina kazi yake nyingine, hata kama aliyeiandika hakuikusudia. Inamfundisha mtoto wa miaka saba kwamba marafiki huhesabiwa. Tena inamrudisha nyumbani aliyealikwa akiwa na deni, kwa maana ukialikwa, nawe utaalika, na utaalika kwa kiasi kile kile ulichoalikwa. Katika darasa la Wafula yuko mtoto wa Mashahidi wa Yehova. Dini yao haiadhimishi siku za kuzaliwa, basi yeye haendi kokote, na siku hizi hatumiwi kadi tena. Mwaka jana nilimhurumia. Mwaka huu kuna usiku nilimwonea wivu mama yake.

## Alizaliwa mara ngapi?

Nilimpigia mama yangu simu. Watoto wanamwita Kukhu. Nikamsimulia mambo ya mifuko mwanzo hadi mwisho, naye akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali aliloniuliza Wafula alipotimiza mwaka mmoja.

"Huyo mtoto alizaliwa mara ngapi hata mkate keki kila mwaka?"

Hakuwa anatania. Kwake mtoto huzaliwa mara moja, na siku hiyo imeshawekwa mahali salama kuliko kalenda. Imewekwa kwenye jina. Wafula alikuja na mvua. Wekesa ni wa mavuno, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala ni wa njaa. Majirani zetu Waluo hapa Kisumu wanaishika hata saa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua kali, Adhiambo ni wa jioni, Atieno ni wa usiku. Kwa Wakalenjin, Kiprono ni yule aliyezaliwa mbuzi wakirudi nyumbani. Ukimwita mtoto aje ale, umeshaitaja saa yake ya kuja duniani, na unaitaja mara ishirini kwa siku bila kununua mshumaa.

Mama mwenyewe, kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama vya wazee wengi wa rika lake. Karani alihitaji kuandika kitu. Wajukuu wa mjini humpigia siku hiyo kumtakia heri, naye huzipokea kama salamu za mwaka mpya.

Sherehe aliyoijua yeye ya mtoto, ile ya kuuza ng'ombe na kualika ukoo, ni tohara. Kwetu Wabukusu huwa Agosti ya mwaka wa shufwa. Mvulana huzunguka mwenyewe na njuga mikononi, kwa miguu, boma hadi boma, akialika. Hana kadi. Mjomba wake, ndugu ya mama, humchinjia fahali na kumvisha nyama shingoni arudi nayo kwao mbele ya watu. Asubuhi ya tohara ni ya wengi kwa pamoja, na jina la rika wanalopewa watazeeka nalo pamoja. Mtu wa Agosti ile hawi peke yake maisha yake yote.

Nilitaka makala iishie hapo. Mjini kuna orodha, nyumbani kuna mlango wazi. Nilikuwa nimeshaiandika hivyo.

Kisha nikamkumbuka binamu yangu.

Mjomba wake hakuwa na fahali, wala ndama. Alimpa jogoo. Wenzake walirudi na nyama shingoni, inawachuruzika kifuani, wimbo juu. Yeye alirudi shingo tupu, jogoo kwapani. Waimbaji waliimba kwa sauti ile ile, lazima niseme hivyo, hakuna aliyepunguza. Lakini njia nzima watu walitoka malangoni kutazama, na kila mtu aliona. Nilikuwa na miaka tisa na mimi niliona. Na kwenye sherehe zetu hizo za mlango wazi, kulikuwa na waliokaribishwa ndani kwenye makochi yenye vitambaa, na kulikuwa na waliokula chini ya mwembe, watano sahani moja. Hakuna aliyehitaji kusomewa jina ili ajue pa kukaa.

Mlango ulikuwa wazi. Viti havikuwa sawa.

## "Mwaka huu tusifanye"

Wiki moja baada ya sherehe ile ya Milimani, mtaa wa wenye nacho hapa mjini, Wafula alikuwa ameketi kwenye ngazi ananawa miguu kwenye beseni. Bila kuinua macho akasema, "Mama, bathdei yangu mwaka huu tusifanye."

Nilidhani ni zawadi. Tulikuwa tumempa yule msichana madaftari manne na kalamu za rangi, na zawadi zilifunguliwa mbele ya watu. Zote zilipigiwa makofi. Ya kwetu tu ndiyo iliyoongezewa maelezo: "Vizuri sana, kitu cha shule." Nilijua Wafula alilisikia hilo.

"Kwa nini tusifanye?"

"Kwa sababu lazima niwaalike wale walionialika."

"Na hilo si zuri?"

"Watakuja hapa."

Aliinua macho, akautazama mlango wetu.

Tunaishi Migosi, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, choo ndani, maji ya mfereji yasipokatika. Mimi nililelewa kwenye nyumba ya udongo. Kila nikifungua mlango ule jioni naona safari niliyotoka. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nyumba hii ni kitu cha kuficha, mpaka nikaiona kwa macho ya mtoto wangu, tena mtoto niliyempeleka mimi mwenyewe, kwa karo ya kujinyima, kwenye shule ambayo imempa macho hayo.

Baba yake alisema tukodishe mahali karibu na ziwa. Akauliza bei. Kwa watoto ishirini, ikakaribia nusu ya karo ya muhula. Tulikaa na karatasi usiku mbili. Nilikuwa nimeshamwandikia ujumbe mweka hazina wa chama chetu kuomba mkopo, bado sijautuma. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua siko peke yangu. Tunakopa kwa keki, tunalipa kwa miezi, na tukikutana langoni mwa shule tunasifiana picha.

Usiku wa pili nikaanza kuandika majina. Wa darasani, watano wale ambao deni lao halikwepeki. Wa kanisani. Kisha watoto wa plotini kwetu, na hapo nikaanza kuchagua, maana nafasi zilikuwa zinakwisha. Huyu ndiyo. Yule ni mkubwa mno. Nikafika kwa majirani wa mlango wa tatu. Wana mvulana anayecheza na Wafula kila siku, na binti mdogo.

Nilimwandika kaka. Nikamruka mdogo wake.

Kalamu ilikuwa imeshafika mstari unaofuata ndipo nilipokiona nilichofanya. Nilibaki nimeketi. Baba Wafula akauliza kama nimesikia usingizi.

Nikafuta ule ujumbe wa mkopo.

## Keki ya jiko

Tulifanyia nyumbani. Keki niliipika mwenyewe, namna nilivyojifunza kwa shangazi: sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko, ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa Blue Band na kunyunyizwa unga, kifuniko juu, na makaa juu ya kifuniko. Siri yote iko kwenye makaa ya juu. Yakiwa mengi, uso unaungua na ndani bado ni uji. Yakiwa machache, keki inajaa katikati kisha inashuka kama tumbo la mtu aliyepumua. Unayaondoa kwa koleo moja moja, unasikiliza harufu. Nilipika tatu, kuanzia alfajiri, na nikanunua krimu kidogo ya kupaka juu ya ile moja ya mishumaa.

Nilikuwa nimepanga watoto kumi na tano. Walikuja wapata arobaini. Wengine sikuwajua, na sijui walisikia wapi. Vipande vikawa vya ukubwa wa kiberiti, na vikatosha.

Wa darasani niliowaalika watano, walikuja wawili. Wazazi wa wengine walituma ujumbe wa heri. Mmoja wa wale wawili alikuwa yule msichana wa Milimani, na mama yake alimleta mwenyewe. Alisimama kando ya gari akiwa na funguo mkononi, hajui aondoke au abaki, akae wapi, amsalimie nani kwanza. Niliutambua uso ule. Nilikuwa nao mimi, nyuma ya lango lake, wiki nne kabla.

Alikuwa na mifuko miwili. Mmoja wa Wafula. Mwingine uliandikwa jina la mdogo wake, kwa ule ule wino wa kijani. Jina hilo sikuwahi kumtajia. Ina maana alilitafuta, labda kwa mwalimu wa darasa. Kumbe naye hakuwa amelala vizuri.

Tulishikana mikono tu. Hatukulizungumza.

Saa kumi watoto wa ploti walimvizia Wafula nyuma ya tangi wakammwagia maji, ndoo nzima, kama tulivyomwagiwa sote shuleni siku ya kuzaliwa. Alipiga kelele hadi mtaa wa pili. Msichana wa Milimani alitazama ameshika gauni lake kwa mikono miwili. Sijui alitamani au aliogopa, sikumwuliza.

Usiku nilioga nikihisi nimelimaliza lile jambo. Nilianza kuandika makala hii kesho yake, na ingalikuwa fupi.

## Tarehe ya shule

Mama Akinyi hunifulia Jumamosi mbili kwa mwezi. Siku ya Wafula alikuja na Akinyi, ambaye ni wa umri wa miaka saba hivi, na mtoto alikula, alicheza, alitazama mishumaa ikizimwa. Wiki iliyofuata Mama Akinyi aliniomba nimlipe mapema malipo ya kufua mara tatu. Sikuuliza, lakini akaeleza.

"Akinyi anataka bathdei."

"Tarehe yake ni lini?"

"Iko kwa cheti, Mama Wafula. Ile ni ya shule."

Nilielewa mara moja. Cheti cha kuzaliwa alikihangaikia kwa miezi, kwa chifu na kwa msajili, kwa kuwa bila cheti mtoto hakuingizwa kwenye mtandao wa wizara ya elimu. Tarehe ilifanya kazi yake, ikarudishwa chini ya godoro. Nyumbani wanajua alizaliwa asubuhi. Hiyo ilitosha kwa miaka saba.

Ilitosha mpaka alipokuja kwangu.

Walipokitoa cheti, tarehe ilikuwa imepita kwa siku tatu. "Si neno," akasema, "tutafanya Jumamosi. Hata nyinyi mlifanya Jumamosi." Nikamwambia asinunue keki, nitamwonyesha ya jiko, ni rahisi, haifiki hata robo ya bei. Akanitazama kwa heshima na bila kutikisika.

"Anataka ya krimu. Kama ya Wafula."

Mimi pia ni Milimani ya mtu. Sikuwa nimelijua hilo hata kidogo. Ile keki niliyoiona kama jibu langu, ile iliyopikwa kwa mchanga na makaa, kwa Mama Akinyi ilikuwa kadi ya rangi ya waridi na dhahabu. Na mlango wangu nilioufungua kwa arobaini uliwarudisha arobaini makwao wakiwa na kitu cha kudai.

Nilimpa pesa. Dada yangu aliniambia nimekosea, ningemwambia anunue viatu vya shule. Nimelifikiria sana. Lakini mimi nilipokuwa nikiandika ule ujumbe kwa mweka hazina, hakuna aliyenikumbusha viatu. Kwa nini furaha ya mwenye kidogo ndiyo inayodaiwa risiti? Bado sijui kama nilimsaidia au nilimsukuma. Najua tu kwamba sikuwa na haki ya kumkatalia kitu nilichokitaka mimi kwa nguvu zile zile.

Alipopokea, alinialika. "Mje wote," akasema. Wote.

## Jumamosi iliyopita

Kutoka Milimani hadi Nyalenda, anakoishi Mama Akinyi, ni kuvuka Ring Road tu. Reli ilipofika hapa mwaka 1901 na mji kuanza, Wazungu walikwenda juu kwenye upepo wa ziwa, Wahindi wakapewa katikati penye maduka, na Mwafrika akaachiwa nje ya mpaka. Nyalenda ilikulia huko nje. Nimevuka barabara ile miaka kumi na moja bila kuyawaza hayo. Jumamosi niliyawaza, nimemshika mkono mdogo wake Wafula, zawadi kwapani. Tulichukua gauni, si madaftari. Lilikuwa la mtumba wa soko la Kibuye, lakini zuri, nikalipiga pasi.

Chumba kimoja, pazia katikati, baluni tano kwenye msumari. Watoto wapata ishirini, wengi wameketi sakafuni. Keki ya krimu ilikuwa juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Akinyi alikuwa na nywele mpya. Walimwimbia, akazima mishumaa, wakatoka nje kummwagia maji, na walimmwagia kikombe kimoja, polepole, kichwani, maana pale maji hununuliwa kwa mtungi. Alicheka kama aliyemwagiwa ziwa.

Kiti kilikuwa kimoja, cha plastiki. Mama Akinyi alikipangusa kwa leso yake mara mbili, akaniketisha. Watoto wangu wakaitwa wa kwanza kupewa keki, kabla ya Akinyi mwenyewe, vipande vikubwa. Mdogo wake Wafula alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akapokea. Nyuma yake alisimama kaka mdogo wa Akinyi, mikono mbele, akisubiri.

Soda za watoto zilikuwa chupa mbili kubwa. Mama Akinyi alizigawa kwenye vikombe akipima kwa kidole, pingili moja, asizidishie huyu wala kumpunja yule. Kisha akaniletea mimi chupa yangu, nzima, baridi, na mrija.

"Lete kikombe, Mama Akinyi, tugawie watoto."

"Hapana, Mama Wafula. Hiyo ni yako."

"Ni nyingi."

"Ni yako," akasema tena, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwa na ruhusa ya kukivunja.

Watoto walikuwa wananitazama, vikombe vyao vimeshakwisha. Nikaweka mrija mdomoni, nikanywa.